Hewa na Moshi Katika Mchoro Mmoja: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Gari la Mbio Gerejini Mwanza

Lipandishe gari dogo lolote juu ya stendi, ulale chini yake na tochi, utaona kwamba bomba la moshi limepita katikati ya tumbo, katika nafasi ileile ambayo gari la mbio huihitaji kwa ajili ya sakafu iliyonyooka. Fundi anayefunga bawa mwezi huu, ekzosi mwezi ujao na sakafu baada ya mavuno ya pamba hujikuta anakata kwa grinda kile alichokichomelea mwenyewe. Mwongozo huu unafuata njia nyingine: mkondo wa hewa na mkondo wa moshi vinachorwa pamoja kabla ya kipande cha kwanza cha bomba kukatwa.

Mfano nitakaoutumia ni Toyota Starlet yenye injini ya silinda nne ya lita 1.3, isiyo na turbo, inayovutwa na magurudumu ya mbele, na inayoandaliwa kwa mbio fupi za lami kwenye barabara iliyofungwa kwa kibali. Nimeichagua kwa sababu ni nyepesi, vipuri vyake vinapatikana, na makosa yake hayamfilisi mtu. Kabla ya hatua yoyote, soma kanuni za mashindano unayokusudia kuingia, hasa kuhusu mabawa, kelele na mahali bomba linaporuhusiwa kuishia, maana gari linaweza kuwa na kasi na bado likakataliwa kwenye ukaguzi.

Hatua ya kwanza: hesabu ya hewa ya ziwani

Uso wa Ziwa Victoria uko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho, siku ya joto la nyuzi 28, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa karibu kilo 1.02, wakati Dar es Salaam, siku ya nyuzi 30, hewa hiyohiyo ingefika karibu kilo 1.16. Tofauti hiyo ya takribani asilimia 12 inagusa kila kitu tutakachokifanya: bawa linakandamiza kidogo, hewa inalikinza gari kidogo, rejeta inapoozwa kidogo, na injini isiyo na turbo inavuta hewa kidogo, hivyo nguvu yake inapungua kwa kiasi kinachokaribia hichohicho.

Nguvu ya hewa juu ya bawa hupatikana kwa kuchukua nusu ya uzito huo wa hewa, kuuzidisha kwa mwendo mara mwendo (kwa mita kwa sekunde), kisha kwa eneo la bawa, kisha kwa namba inayotokana na umbo lake, ambayo kwa bawa la kawaida la kipande kimoja tunaweza kuikadiria kuwa 1.2; jibu ligawe kwa 9.8 ili upate kilo. Bawa la upana wa mita 1.4 na kina cha sentimita 25, gari likienda kilomita 120 kwa saa, litakandamiza kwa takribani kilo 24 hapa Mwanza, na karibu kilo 28 huko pwani. Ukishuka hadi kilomita 60 kwa saa hubaki kilo 6 tu, kwa kuwa mwendo ukipungua kwa nusu, nguvu hupungua hadi robo. Mtu anayetaka bawa limsaidie kwenye kona za mwendo mdogo anajibebesha mzigo wa bure, na ni afadhali fedha hiyo aiweke kwenye tairi.

Ikiwa injini yako bado inatumia kabureta na iliwekwa sawa pwani, tarajia kwamba hapa itakuwa inatumia mafuta mengi kuliko inavyostahili, kwa kiasi cha asilimia 6 au 7, na dalili yake ni masizi meusi makavu kwenye mdomo wa bomba. Injini yenye mfumo wa kielektroniki unaopima kanieneo ya hewa hujirekebisha yenyewe.

Hatua ya pili: kuiona hewa

Handaki la upepo, yaani chumba cha kupulizia gari hewa ili kulipima, hatuna, lakini vifaa vitatu vya bei ndogo vitakupa majibu mengi kuliko mabishano ya gerejini.

Cha kwanza ni nyuzi za sufu. Kata vipande vya urefu wa sentimita 8, uvibandike kwa gundi ya karatasi kila baada ya sentimita 15 kwenye boneti, paa, mlango wa nyuma na pembeni mwa bampa, kisha urekodi kwa simu iliyofungwa kwenye fimbo imara huku gari likienda kilomita 70 kwa saa. Uzi uliolala na kunyooka kuelekea nyuma unaonyesha kwamba hewa imeshikamana na bodi. Uzi unaocheza ovyo au kugeukia mbele unaonyesha kwamba hewa imebanduka. Kwenye Starlet, nyuzi za paa zitalala vizuri hadi ukingo wa mwisho, na zile za kioo cha nyuma zitakuwa zinarukaruka. Hapo utaelewa kwa nini bawa lililofungwa chini, katikati ya mlango wa nyuma, halifanyi kazi yoyote zaidi ya kupendeza.

Cha pili ni chaki iliyosagwa na kukorogwa na mafuta ya taa pamoja na matone ya oili hadi iwe kama uji mwepesi. Ipake kwa brashi chini ya bawa au kwenye ulimi wa mbele, yaani ubao bapa unaochomoza chini ya bampa, endesha mara moja bila kusimama njiani, na mafuta yatakapokauka yatabakiza mistari myeupe inayoonyesha hewa ilikopita. Usiipake karibu na bomba la moshi kwa sababu yoyote ile.

Cha tatu ndicho ninachokithamini zaidi: mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uleule ambao waashi huutumia kupimia usawa wa msingi. Ukunje uwe kama herufi U kwenye ubao wenye rula, utie maji yenye rangi, kisha peleka ncha moja mahali unapotaka hewa iingie na nyingine mahali unapotaka itoke. Ncha zote mbili zilale sawa na uso wa bodi, zisichomoze. Kwa kilomita 120 kwa saa katika hewa yetu, tofauti kati ya hewa iliyogonga katikati ya bampa na hewa tulivu ya kawaida ni karibu milimita 58 za maji, kiasi kinachosomeka vizuri kwenye picha ya simu. Maji yakiyumba sana, ubane mpira kidogo kwa kibanio cha nguo.

Kipimo hicho kitakuonyesha jambo ambalo mafundi wengi wa mjini hawalikubali mpaka waone maji yakipanda: chini ya kioo cha mbele, pale boneti inapoishia, kanieneo ni kubwa. Kwa hiyo ule mtindo wa kuinua boneti kwa washa (vile viduara vya chuma vya bolti) kwenye bawaba ili injini ipumue husaidia gari likiwa limesimama kwenye foleni pale Buzuruga, lakini likiwa kasini hewa huingia kwa pale badala ya kutoka, na rejeta inazidi kuchemka. Tundu la kutolea hewa ya moto liwe sehemu ya mbele ya boneti, nyuma kidogo ya rejeta, ambapo kanieneo ni ndogo. Mdomo wa kuingizia uwe robo hadi theluthi ya eneo la rejeta, na pembeni uzibwe kwa sponji na bati ili hewa isipate njia ya mkato. Msimu ambao wadudu wa ziwani wanapanda kama nguzo za moshi juu ya maji, weka mbele yake wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 3 unaochomoka haraka, na uukung'ute kila gari linaporudi.

Hatua ya tatu: mchoro wenyewe

Chora kwenye sakafu ya saruji ya gereji, chini ya gari, kwa ukubwa halisi. Ning'iniza timazi kutoka kila kona muhimu na uweke alama kwa chaki: magurudumu, sampo ya oili, tangi la mafuta, ekseli ya nyuma, sehemu za kuwekea jeki, na mfereji wa katikati ambao kiwanda kiliuacha kwa ajili ya bomba. Pembeni ya kila alama andika kimo chake kutoka chini. Kazi hii hula asubuhi nzima, nayo huokoa wiki.

Sasa amua moshi utatokea wapi, na hapa historia ya Formula 1 ina la kutufundisha, ingawa si lile ambalo wengi wanalifikiria. Mwaka 1983, baada ya kanuni kulazimisha sakafu bapa, Renault walielekeza moshi wa gari lao la RE40 kwenye difyuza, yaani ile sehemu ya nyuma ya sakafu inayopanda juu, ili kasi ya gesi iisaidie hewa ya chini ya gari kutoka haraka na kupunguza kanieneo. Wazo hilo lilirudi kwa nguvu mwaka 2010 kupitia gari la Red Bull RB6, na mwaka 2011 Renault walithubutu hata kuyatoa mabomba mbele, karibu na midomo ya rejeta za pembeni. Tatizo lake ni kwamba mkandamizo ulitegemea mguu wa dereva: akiachia kanyagio la mafuta kabla ya kona, gesi inapungua na gari linapoteza mshiko wakati anapouhitaji zaidi. Wahandisi wakaanza kuziweka injini zipulize hata dereva akiwa ameachia, hadi kanuni za 2012 zikapanga mahali mabomba yanapoweza kuishia, na tangu 2014, pamoja na ujio wa injini ndogo za turbo, bomba kuu likawa moja, katikati, nyuma.

Sisi tusiige. Injini yetu ya lita 1.3, ikizunguka mara 6,500 kwa dakika katika hewa ya Mwanza, hutoa takribani gramu 70 za gesi kwa sekunde, na ikitoka kwenye bomba la milimita 50 nguvu yake ya kusukuma haifiki hata kilo moja. Zile injini za lita 2.4 zilizozunguka mara 18,000 zilikuwa zinatoa mara sita na zaidi. Faida tutakayoipata ni ya aina nyingine, nayo ni kuliondoa bomba kwenye njia ya hewa. Mimi hulipandisha lote ndani ya mfereji wa katikati, naliziba kwa chini kwa bati, na kuutoa mdomo wake nyuma, upande mmoja, nje ya difyuza na nje kabisa ya ukingo wa bampa.

Neno la mwisho katika sentensi hiyo lina uhai wa mtu ndani yake. Nyuma ya gari lenye mgongo uliokatwa kama Starlet kuna eneo la kanieneo ndogo linalozungusha hewa na kuirudisha kwenye mlango wa nyuma. Bomba likiishia chini ya bampa, gesi ya monoksidi ya kaboni, ambayo haina harufu wala rangi, huvutwa ndani kupitia mpira wa mlango uliochanika. Bandika nyuzi za sufu ndani ya buti kuzunguka mpira huo. Uzi ukielekea ndani gari likiwa kasini, usiendelee mpaka umeziba.

Hatua ya nne: kutengeneza bomba

Kila valvu ya kutolea moshi inapofunguka, wimbi la kanieneo husafiri ndani ya bomba kwa kasi ya karibu mita 600 kwa sekunde kwa sababu ya joto la gesi, na linapofika mahali ambapo bomba linapanuka ghafla, sehemu yake hurudi likiwa wimbi la mvuto. Likirudi kwa wakati unaofaa, hufyonza mabaki ya moshi na kuisaidia hewa mpya kuingia. Ndiyo maana urefu wa mabomba manne yanayoanzia kwenye silinda una maana kuliko mng'aro wake.

Kwa injini hii, mabomba manne yanayokutana mahali pamoja yawe na urefu wa sentimita 70 hadi 85 na kipenyo cha ndani cha milimita 35, yote yakitofautiana kwa sentimita mbili tatu tu. Mpangilio wa manne kuingia mawili, kisha moja, hutoa nguvu iliyosambaa zaidi katika mizunguko ya kati ya injini, na kwa barabara zetu zenye kona na vilima vya miamba ndio ninaoupendelea: sentimita 38 za kwanza, kisha sentimita 38 hadi 45 za pili, ukiunganisha silinda ya kwanza na ya nne, na ya pili na ya tatu. Bomba la nyuma la milimita 50 linatosha. Bomba pana kupita kiasi hupunguza kasi ya gesi na kuongeza kelele pekee. Kuhusu ule mngurumo wa Subaru unaopendwa na vijana, ujue kwamba ulitokana na mabomba ya urefu usiolingana. Ni sauti nzuri, lakini haukuwa ushahidi wa nguvu.

Ukipata kona zilizokunjwa kwa mashine, nunua. Usipozipata, bomba la chuma linaweza kukunjwa kwa moto likiwa limejazwa mchanga, ila mchanga wa ziwani lazima ukaangwe kwenye karai hadi ukauke kabisa, kwani unyevu kidogo ulionaswa kati ya vizibo viwili hugeuka mvuke na kurusha kizibo kama risasi. Kwa chuma kisichoshika kutu, chomelea kwa gesi ya argoni, na upitishe argoni ndani ya bomba pia, la sivyo upande wa ndani utatoka chembechembe nyeusi zinazokatiza mkondo wa gesi.

Kabla ya kuchomelea moja kwa moja, shikiza kwa nukta, funga kwenye gari, zungusha usukani, bonyeza springi, ndipo ukamilishe. Kumbuka pia kwamba chuma hukua kwa joto: bomba la mita 2.5 la chuma kisichoshika kutu, likipanda wastani wa nyuzi 400, hurefuka kwa karibu milimita 17. Vishikizo vyote viwe vya mpira au vya kuteleza, na sehemu moja iwe ya kunyumbulika, vinginevyo ufa utatokea kwenye flanji ya kwanza. Sensa ya oksijeni ikae baada ya mabomba yote kukutana, ikiinama kutoka juu ili maji yasitulie ndani yake, na kusiwe na uvujaji wowote kabla yake, maana hewa ya nje ikiingia itakudanganya kwamba mafuta ni machache.

Kijana mmoja wa kuchomelea, hodari kweli, aliwahi kunipitishia bomba sentimita mbili juu ya sakafu ya plaiwudi. "Mzee, moto hupanda juu, haushuki," aliniambia, na kwa uchovu wa siku ile nikakubali. Baada ya mizunguko michache tulisikia harufu ya mkaa, na tulipofungua, ubao ulikuwa mweusi kama kitako cha sufuria ya ugali. Joto la bomba huangaza pande zote kama jua. Acha sentimita 5, weka kati yake bati la alumini lenye uwazi wa milimita 15 kila upande, na karibu na injini tumia chuma, kwa kuwa alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 na bomba la huko linaweza kuzipita.

Hatua ya tano: ulimi, sakafu, na bawa mwisho kabisa

Anza mbele. Ulimi wa plaiwudi ya milimita 12 unaochomoza sentimita 5 hadi 8 mbele ya bampa hupata kanieneo kubwa juu yake na ndogo chini yake, na ukinzani unaouongeza ni mdogo. Ufunge kwenye chasisi kwa fimbo zenye nati za kurekebisha, usiufunge kwenye plastiki ya bampa, kisha mtu wa kilo 50 asimame juu yake, ukipinda, haufai. Kimo cha sentimita 8 kutoka chini kinatosha kwa lami nzuri.

Sakafu iwe bati la alumini la milimita 1.5 hadi 2 lililofungwa kwa bolti, lisifungwe kwa riveti, kwa sababu utalifungua kila wiki. Acha matundu chini ya sampo kwa ajili ya kumwagia oili. Difyuza ianzie usawa wa ekseli ya nyuma, ipande kwa nyuzi 7 hadi 10, na iwe na kuta za wima kati yake. Ukizidisha mwinuko, hewa hubanduka na mistari ya chaki itakuonyesha ikirudi nyuma.

Bawa limebaki mwisho kwa sababu ya hesabu ifuatayo. Likikaa sentimita 60 nyuma ya ekseli ya gari lenye mita 2.3 kati ya ekseli, zile kilo 24 huweka kilo 30 kwenye magurudumu ya nyuma na kuondoa kilo 6 kwenye ya mbele, ambayo kwenye Starlet ndiyo yanayovuta na kukata kona. Ndiyo maana gari la aina hii likifungwa bawa peke yake hugoma kugeuka. Liweke usawa wa paa, lianze na mwinamo wa nyuzi 5, na usipite 12. Ukihitaji zaidi, bandika ukingoni mwa nyuma, upande wa juu, kipande cha alumini cha pembe mraba chenye kimo cha milimita 5. Ni mbinu iliyoletwa na Dan Gurney, dereva wa mbio wa Marekani, mwaka 1971, na hadi leo hakuna iliyo rahisi kuishinda.

Hatua ya sita: kupima

Pima alfajiri. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu na usiku hugeuka, na kati yake, jua linapochomoza, huwa kuna utulivu mfupi. Endesha hadi kilomita 110 kwa saa, weka gia huru, na upime sekunde za kushuka kutoka 100 hadi 80; rudia upande wa pili, kisha chukua wastani wa safari tatu tatu. Sekunde zikiongezeka baada ya kufunga sakafu, ukinzani umepungua.

Kwa mkandamizo, bandika rula kwenye ukingo wa bodi juu ya kila gurudumu na uirekodi kwa simu, ukilinganisha na kitovu cha gurudumu. Springi za nyuma zinazohitaji kilo 3 kwa kila milimita zitabonyea takribani milimita 5 kila upande kwa zile kilo 30. Usipoziona, rudi kwenye nyuzi za sufu kabla ya kuongeza mwinamo wa bawa.

Gari likirudi, lipandishe kwenye stendi bomba likiwa bado la moto, na upitishe mkono bila kugusa chini ya sakafu yote, kutoka mbele hadi nyuma. Mahali mkono utakapokataa kukaa, pawekee alama ya chaki, na hapo ndipo utakapoanzia kazi kesho.